Baraza la Wapenzi wa Tolkien: Mwongozo Kamili wa Kushiriki, Kuanzia Nyumbani Hadi Oxford

Ukifika juzuu ya pili ya The Lord of the Rings, riwaya ya Mwingereza J.R.R. Tolkien, utakuta miti inayotembea na kusema. Huitwa Enti, na vita vinapokaribia msitu wao wanakutana bondeni kujadiliana kama waende au wabaki. Kikao kinachukua siku tatu, maana lugha yao haina haraka. Tolkien alikiita Entmoot, na hiyo moot ni neno la Kiingereza cha kale ambalo Mswahili hahitaji kamusi kulielewa: ni baraza.

Kwa neno hilohilo wapenzi wa vitabu vyake wameuita mkutano wao mkuu Oxonmoot, baraza la Oxford. Nimehudhuria mara tatu mtandaoni nikiwa Morogoro na mara moja ana kwa ana, na kila nikisimulia naulizwa yaleyale. Lazima uwe na shahada? Watatupokea? Viza je? Mtu atasema nini mbele ya maprofesa? Nimeandika majibu yangu hapa kwa mpangilio ambao ningeshukuru sana kama mtu angenipa siku nilipoanza.

Jibu la swali la kwanza nalitoa mapema: shahada haihitajiki. Kinachohitajika ni kuwa umesoma, na kuwa kuna jambo ndani ya ulichosoma ambalo halikuachi ulale.

Chagua baraza linalokufaa

Tolkien Society ilianzishwa Uingereza mwaka 1969 na mama mmoja, Vera Chapman, na Tolkien mwenyewe alikubali kuwa rais wake wa heshima. Jumuiya hiyo ndiyo inayoandaa Oxonmoot tangu 1974. Zamani mkutano ulipangwa karibu na 22 Septemba, siku ya kuzaliwa Bilbo na Frodo, mashujaa wa vitabu vyake, ambao ni hobiti, yaani watu wafupi wa kubuniwa. Miaka ya karibuni umekuwa mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, Alhamisi hadi Jumapili, katika mojawapo ya vyuo vya Oxford. Asubuhi na mchana kuna mawasilisho, mengine ya kitaaluma kabisa, mengine ya mtu anayefundisha kudarizi ramani au kuandika herufi za Waelvi. Usiku kuna chemsha bongo, nyimbo na maonyesho ya mavazi. Profesa na dereva wa lori wanakaa meza moja. Sisemi hivyo kupamba, nilikaa nao.

Jumuiya hiyohiyo ina semina yake ya majira ya joto, ambayo mara nyingi imefanyika Leeds. Hiyo ni ya mawasilisho tu, haina mavazi, na kila mwaka ina mada moja iliyotangazwa mapema. Ukiwa na hoja lakini hupendi shamrashamra, anzia huko.

Marekani kuna Mythcon, inayofanyika tangu 1970. Inaandaliwa na Mythopoeic Society, jumuiya iliyozaliwa California mwaka 1967, nayo humsoma Tolkien pamoja na waandishi wenzake C.S. Lewis na Charles Williams. Mji wake hubadilika kila mara, kwa hiyo usikariri mahali.

Halafu kuna makongamano makubwa ya wataalamu wa Zama za Kati: lile la Kalamazoo, jimbo la Michigan, kila Mei, na lile la Leeds kila Julai. Usishangae kwamba vikao vya Tolkien vimo humo. Alikuwa profesa wa Kiingereza cha kale Oxford kuanzia 1925, akaendelea na uprofesa hadi alipostaafu 1959, na mhadhara wake wa 1936 kuhusu Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha kale, ulibadilisha namna wasomi wanavyousoma. Lakini ni makongamano ya gharama, yenye vikao vingi vinavyokwenda sambamba, na mgeni anaweza kukaa siku nzima bila kusemeshwa na mtu. Usianzie huko. Chuo Kikuu cha Glasgow nacho kina kituo cha kutafiti fantasia na mkutano wake wa kila mwaka, GIFCon, unaofaa zaidi kama mapenzi yako hayaishii kwa Tolkien.

Ushauri wangu kwa anayeanza akiwa Afrika Mashariki ni Oxonmoot kwa njia ya mtandao. Mwaka 2020 mkutano wote ulihamia mtandaoni kwa sababu ya janga, na baada ya hapo mlango huo haukufungwa: wapo wanaofika Oxford na wapo wanaofuatilia majumbani, na anayetoa wasilisho kutoka nyumbani husikilizwa na wote. Tiketi ya mtandaoni ni rahisi kuliko ya kufika. Kabla ya kulipa, linganisha bei ya mwanachama na ya asiye mwanachama, na uwaandikie waandaaji kuuliza kama kuna nafasi za kusaidiwa. Kuuliza si aibu.

Tafuta swali ambalo ni lako

Hapa ndipo watu wetu wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kosa nililolifanya mwanzoni ni kutaka kuthibitisha kwamba Tolkien alichota Afrika. Ni kweli alizaliwa Bloemfontein, katika Afrika Kusini ya leo, tarehe 3 Januari 1892. Lakini aliondoka mwaka 1895 akiwa na miaka mitatu, na baba yake akafia huko mwaka uliofuata. Kwa kumbukumbu za mtoto wa miaka mitatu hujengi hoja ya dakika ishirini. Nikageukia lugha. Katika Kitabu cha VI, sura ya 5, mfalme Aragorn anauona mche wa Mti Mweupe mlimani na kupaza sauti kwa Kikwenya, lugha ya Waelvi aliyoibuni Tolkien: utúvienyes! Maana yake, nimeupata. Neno moja limebeba sentensi nzima, kama letu. Kwao nafsi na kitu hukaa mwishoni: -nye ni mimi, -s ni hicho kilichopatikana. Kwetu vyote viwili hutangulia mzizi: ni-me-u-pata. Nilifurahi kama mtu aliyeokota fedha njiani, nikataka kutangaza udugu wa Kikwenya na Kiswahili. Hakuna udugu. Kikwenya Tolkien alikijenga akiwa amevutiwa na Kifini, na kufanana kwa umbo si ushahidi wa ukoo.

Lakini nilipotulia niliona kitu kingine. Ile -s haisemi kama kilichopatikana ni mti, pete au jiwe. Ile u- yetu inasema. Kiswahili hakikuruhusu kutaja kitu bila kuamua ni cha ngeli gani. Sasa rudi kwenye aya ya kwanza ya mwongozo huu: nimeandika “miti inayotembea”, na sentensi iliyofuata nikaandika “wanakutana”. Sikukosea. Kiswahili chenyewe kilinilazimisha nihame.

Mashabiki watakukumbusha, na wana haki, kwamba Enti si miti hasa, ni wachungaji wa miti. Sawa, tuwape a- na wa-. Mti wa kawaida tumpe, samahani, tuupe u-. Halafu kuna Huorn. Katika Kitabu cha III, sura ya 9, hobiti Merry anawaeleza wenzake juu ya viumbe hao wanaosogea gizani, na anadhani ni Enti waliokaribia kugeuka miti. Kwa Kiswahili, Huorn amefika au umefika? Mfasiri hana pa kujificha. Kiingereza kinaweza kuacha jambo hilo likielea. Kiswahili kinadai jibu katika kila kitenzi.

Hilo likawa wasilisho langu la kwanza, na halikutoka kwenye maktaba. Lilitoka darasani, kwa sababu nafundisha ngeli kila wiki. Nawe una lako. Kama umekulia na tenzi, unajua uzito wa mizani kuliko wengi watakaokusikiliza, na vitabu vya Tolkien vimejaa mashairi ambayo wasomaji huyaruka. Kama umekaa kambini ukisikia wazee wakitaja vijiji visivyokuwepo tena, unajua jambo kuhusu nyimbo za waliohama ambalo halimo kwenye faharasa yoyote. Chagua ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja uliousoma mara kumi unatosha.

Ukishapata swali, angalia kama wengine wameligusa. Huhitaji fedha kwa hilo. Journal of Tolkien Research ya Chuo Kikuu cha Valparaiso inasomwa bure mtandaoni tangu 2014. Mythlore, jarida la jumuiya ya Marekani, liko wazi pia, na matoleo ya zamani ya Mallorn, jarida la Tolkien Society, yanapatikana. Soma makala tatu au nne zinazokaribiana na swali lako. Watafute hasa Tom Shippey, aliyewahi kukalia kiti cha uprofesa alichokalia Tolkien huko Leeds, na Verlyn Flieger wa Marekani. Hao wawili wanaandika kwa namna ambayo mtu asiye msomi wa fasihi anafuata bila taabu.

Andika ikisiri

Wito wa kuwasilisha hutangazwa miezi kadhaa kabla. Utaombwa ikisiri, kwa kawaida maneno 200 hadi 300 kwa Kiingereza, na wasifu mfupi. Andika kwanza kwa Kiswahili. Nasema hivi kwa uzoefu: ikisiri niliyoianza kwa Kiingereza ilijaa maneno makubwa na haikusema lolote, niliyoianza kwa Kiswahili ilinilazimisha nijue ninachosema.

Yangu ilianza hivi: “Kiswahili hutenga viumbe hai na vitu kwa viambishi vya kitenzi, na mti si kiumbe hai katika mpango huo. Wasilisho hili linafuata vitenzi vinavyowahusu Enti, Huorn na miti ya kawaida katika sura tatu za Kitabu cha III, na kuuliza mfasiri wa Kiswahili angelazimika kuamua nini katika kila kimoja. Naonyesha kwamba Huorn ndio wanaovunja mpango, na kwamba Tolkien aliwaacha mpakani kwa makusudi.” Tazama: sentensi ya kwanza inataja jambo, ya pili inataja kurasa, ya tatu inasema utafikia wapi. Anayechagua anasoma ikisiri nyingi kwa siku moja. Mwambie unakokwenda.

Kwenye wasifu usijidogoshe. “Mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, Morogoro” ni wasifu kamili. Usiombe radhi kwamba si mtafiti.

Nukuu zako zitaje Kitabu na sura, si ukurasa. Vitabu vina matoleo mengi na kurasa hazilingani. Angalia pia usichanganye: hadithi imetoka kwa juzuu tatu, 1954 hadi 1955, lakini ndani yake imegawanywa Vitabu sita. Kitabu cha III ndicho kinachoanzisha juzuu ya pili.

Kama unashiriki kwa mtandao

Saa ndiyo itakayokuangusha. Mwishoni mwa Agosti Uingereza iko nyuma ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa saa mbili. Kikao kilichoandikwa 14:00 kwenye ratiba ni 16:00 kwetu, nasi tunaiita saa 10 alasiri. Wa Bujumbura, Kigali na Lubumbashi ongezeni saa moja tu. Wa Muscat ongezeni tatu. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba Uingereza hurudisha saa nyuma na tofauti yetu inakuwa tatu. Kwa mikutano ya California wakati wa kiangazi chao tofauti ni saa kumi: kikao cha saa 4 asubuhi huko utakisikiliza saa 2 usiku. Andika ratiba yako upya kwa saa ya Kiswahili, kwenye karatasi, uibandike ukutani. Mwaka wangu wa kwanza niliikosa hotuba niliyoingoja miezi mitano kwa sababu nilisoma 9:00 nikaenda kuoga.

Chaji simu na kompyuta usiku uliotangulia. Weka kifurushi cha kutosha, na ukiona picha inakwama zima video yako ubaki na sauti. Umeme ulinikatikia katikati ya swali mara moja. Tangu hapo naliandika swali langu pembeni, nalinakili kwenye gumzo, halafu ndipo nainua mkono. Likipotea sauti, maandishi yamebaki.

Na usikae kimya siku zote nne. Vyumba vya gumzo hubaki wazi baada ya vikao, na hapo ndipo watu hufahamiana. Jitambulishe, sema unakotoka na ukurasa unaoupenda. Nilipoandika kwamba nafasiri kwa mdomo kwa ajili ya wanafunzi, nilijibiwa na watu wa nchi sita kabla chai yangu haijapoa.

Kama unasafiri: viza na njia

Mtanzania na Mkenya wanahitaji viza ya mgeni kuingia Uingereza. Inaombwa mtandaoni, mapema kabisa ikiwa miezi mitatu kabla ya safari, kisha unakwenda kituo cha maombi kutoa alama za vidole na picha. Majibu huchukua kama wiki tatu kwa kawaida, wakati mwingine zaidi. Kwa mkutano wa mwisho wa Agosti, jaza fomu Juni. Kuhudhuria kongamano na kutoa wasilisho lisilo la malipo kunaruhusiwa kwa viza hiyo, kwa hiyo liseme hilo waziwazi kwenye fomu, usijiite mtalii.

Waombe waandaaji barua au uthibitisho wa usajili, na kama ikisiri yako imekubaliwa, ambatisha barua ya kukubaliwa. Weka taarifa za benki, barua ya ruhusa kutoka kazini, na chochote kinachoonyesha una sababu ya kurudi. Jambo linalosahaulika sana: hati ya Kiswahili lazima iambatane na tafsiri, na tafsiri hiyo iwe na maelezo ya mfasiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake kamili, saini na mawasiliano yake. Barua yangu ya serikali ya mtaa ilikuwa ya Kiswahili, na nililigundua sharti hilo siku mbili kabla ya miadi. Nilikaa kwa mfasiri hadi saa 5 usiku.

Usinunue tiketi ya ndege isiyorudishika kabla ya jibu.

Ukitua Heathrow kuna basi la moja kwa moja hadi kituo cha Gloucester Green katikati ya Oxford; ukiwa London, basi liitwalo Oxford Tube linaondoka karibu na Victoria, na treni zinatoka Paddington na Marylebone. Ukipewa nafasi ya kulala chuoni, chukua. Ni vyumba vya wanafunzi, vidogo na safi, lakini utakuwa ghorofa moja na watu unaotaka kuzungumza nao, na kifungua kinywa kinaliwa pamoja. Fomu ya usajili ina mahali pa kueleza chakula chako. Anayekula halali au asiyekula nyama aandike hapo hapo, asingoje kufika. Msikiti mkuu wa mji uko Manzil Way, pembeni mwa Cowley Road. Beba sweta hata kama ni Agosti.

Siku ya kuwasilisha

Utapewa dakika 20 au karibu na hapo, pamoja na muda wa maswali. Kwa mtu anayesoma Kiingereza taratibu, maneno 2,200 ndiyo mwisho. Nilidhani yangu yanatosha hadi nilipoyasoma kwa sauti sebuleni, mdogo wangu akiwa ameshika simu. Nilipomaliza alinitazama kwa huruma akasema, “Dada, dakika ishirini na saba, na mara mbili ulipumua kama mtu anayepanda Uluguru.” Nikakata utangulizi wote. Hakuna aliyeukosa, maana watu waliomo chumbani tayari wanamjua Tolkien. Huna haja ya kuwaeleza hobiti ni nani.

Slaidi nane zinatosha. Weka nukuu moja kwa kila slaidi, herufi kubwa, na kama unaonyesha Kiswahili tenganisha viambishi kwa rangi. Nilipoweka ni-me-u-ona juu na ni-me-mw-ona chini yake, u- kwa kijani na mw- kwa nyekundu, nilisikia ukumbi mzima ukivuta pumzi. Hawakujua Kiswahili. Waliona.

Kuna faida unayo bila kujua. Majina ya Waelvi huwatesa Waingereza wengi, nasi hayatutesi. Irabu za Kikwenya na za Kisindarin, lugha yao nyingine, hutamkwa karibu kama zetu. C daima ni k, kwa hiyo Celeborn ni Keleborn. Ile dh ya Caradhras ni dh ya dhahabu, th ni ya thamani, na ch ya Kisindarin ni ile kh ambayo wazee wa pwani wanaitamka wakisema kheri. Kiambatisho E mwishoni mwa juzuu ya tatu kinaeleza yote. Kisome mara moja, na utatamka vizuri kuliko nusu ya ukumbi.

Mwenyekiti wa kikao atakuinulia kadi dakika tano kabla, kisha moja. Ikifika sifuri, acha, hata kama uko katikati ya sentensi tamu. Swali usilolijua lijibu kwa kusema, “Sijalifikiria hilo, naomba tuzungumze nje.” Huko nje ndiko nilikopewa wazo la nusu ya pili ya utafiti wangu na bibi mmoja mwenye fimbo, aliyekuwa akihudhuria tangu kabla sijazaliwa.

Jioni, na Jumapili asubuhi

Mavazi si lazima. Ukipenda kushiriki, kanga na joho vinakubalika kama upanga wa bati. Usimpige mtu picha kabla ya kumwomba, na usishike kazi ya mkono ya mtu. Nyingine zimeshonwa mwaka mzima. Kuhusu filamu na tamthilia zilizotokana na vitabu, sikiliza kwanza. Wapo walioingia kwa mlango wa filamu za 2001 hadi 2003 na wapo waliokasirishwa nazo, na wote wamekaa meza yako.

Ukiwa na nusu siku, tembea. Nyumba ya 20 Northmoor Road, alikoandikia sehemu kubwa ya vitabu, ni makazi ya watu. Itazame ukiwa barabarani, usigonge.

Jumapili ndiyo siku ambayo sitaisahau. Washiriki huenda Wolvercote, kaskazini mwa mji, kwenye kaburi lake. Hafla inaitwa Enyalië, neno la Kikwenya la ukumbusho. Yanasomwa maneno, linawekwa shada, wanakumbukwa na wanachama waliofariki. Kaburi si kubwa. Jiwe ni la kijivu. Juu limeandikwa jina la mkewe, Edith Mary Tolkien, na chini ya jina, Lúthien, 1889–1971. Kisha John Ronald Reuel Tolkien, na chini yake Beren, 1892–1973. Hayo ni majina ya wapendanao wa mojawapo ya hadithi zake za mwanzo, na chanzo chake ni siku moja ya 1917 alipomwona Edith akicheza msituni huko Yorkshire. Kuna maua, barua zilizokunjwa, pete za bei ndogo, sarafu za nchi nyingi. Niliweka ya shilingi mia mbili, upande wa simba ukiwa juu. Ukienda siku nyingine peke yako, panda basi la Banbury Road; ndani ya makaburi kuna vibao vidogo vinavyoelekeza. Waliozikwa jirani wana ndugu zao pia, kwa hiyo nenda kama unavyokwenda msibani.

Ukisharudi

Andika ulichowasilisha ndani ya mwezi mmoja, kabla maswali hayajakutoka. Semina za Tolkien Society zimechapisha vijitabu vya mawasilisho, na majarida niliyoyataja hapo juu hupokea makala kutoka kwa watu wasio na chuo nyuma yao. Watakurudishia masahihisho makali. Yafanye.

Fanya pia jambo moja lisilogharimu kitu. Chuo Kikuu cha Marquette, Milwaukee, ndicho kinachotunza miswada ya The Hobbit na The Lord of the Rings, kilichoinunua kwa Tolkien mwenyewe katika miaka ya 1950 kwa pauni 1,500. Maktaba yake inakusanya sauti za wasomaji: maswali matatu, dakika tatu. Ulimjua lini, kwa nini unampenda, amekuwa na maana gani kwako. Lengo ni mahojiano 6,000, idadi ya wapanda farasi wa ufalme wa Rohan ambao katika hadithi walikwenda kuuokoa ufalme jirani wa Gondor. Sauti kutoka kwetu ziwemo.

Kisha anzisha baraza lako. Kalenda ina siku mbili tayari. Tarehe 3 Januari, saa 3 usiku kwa saa ya pale ulipo, wasomaji duniani kote husimama, huinua kikombe na kusema “The Professor”. Kinywaji ni chochote; sisi tunatumia chai ya tangawizi. Na 25 Machi, siku ambayo ndani ya hadithi Pete iliangamizwa, imekuwa siku ya kusoma kwa sauti tangu 2003. Mimi huifanya shuleni baada ya vipindi, na ikiangukia wikendi tunaisogeza. Unahitaji nakala moja, darasa lenye viti, na mtu anayeweza kufasiri kwa mdomo huku anasoma. Usitoe nakala za kurasa kuuza, na usionyeshe filamu hadharani bila idhini. Saa moja na nusu inatosha, na chagua sura yenye mazungumzo, kwa sababu watoto hupenda kugawana sauti.

Mwaka jana tulisoma Kitabu cha III, sura ya 4, hobiti wawili wanapokutana na Enti mzee msituni. Nilikuwa nimechoka, nafasiri bila kufikiri, na alipofungua macho kwa mara ya kwanza nikasema, “Mti ukawatazama.”

Mtoto wa kidato cha kwanza aliyekaa karibu na dirisha akainua mkono.

“Samahani, Mwalimu,” akasema. “Akawatazama.”